Meza Moja, Wapenda Hadithi na Wapenda Kanuni

Katika maswali mnayoniuliza kuhusu michezo ya uhusika ya mezani, moja halikosekani. Mmoja anasema wenzake hawataki kusikia kisa, wanataka kuhesabu pointi tu. Mwingine analalamika kwamba mwongozaji wao hujiamulia anavyotaka na kitabu cha kanuni kimebaki pambo la meza. Wa tatu anauliza waziwazi: kipi bora, kucheza kwa hadithi au kucheza kwa kanuni?

Jibu langu ni kwamba hamna haja ya kuchagua upande. Mna haja ya kukubaliana, tukio kwa tukio, nani ana kauli ya mwisho: dadu, kitabu, mwongozaji, au mchezaji mwenyewe. Vikundi vingi huvunjika hapo. Mtu alidhani dadu ndizo zitakazoamua, akakuta mwongozaji ameshaamua. Au alidhani mhusika ni wake, akakuta kitabu kimemuua Jumamosi jioni kwa pigo la mnyang'anyi asiye hata na jina.

Kwa aliye mgeni: mwongozaji anasimulia ulimwengu na kuwasemea watu wake wote, wachezaji wengine kila mmoja anabeba mhusika mmoja, na jambo lisilo na uhakika huamuliwa kwa dadu.

Anza na kitabu mlichonacho

Kabla ya kulaumiana, tazameni mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons, mama wa michezo hii, ulichapishwa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waandishi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wachezaji wa vita vya vinyago vya askari. Ndiyo maana hadi leo kanuni zake nyingi ni za mapigano: umbali wa mshale, ukubwa wa moto, zamu ya nani kwanza. Kumshawishi liwali kumepewa nafasi ndogo sana. Ukichukua mchezo huo, ukaondoa mapigano, ukaweka fitina za ikulu tupu, umebaki na kitabu kinene ambacho hakikusaidii, na mpenda kanuni wako amenyang'anywa alichokuja nacho.

Iko mingine, na kila mmoja una tabia yake:

- Call of Cthulhu (1981, Sandy Petersen). Mhusika ana pointi za akili timamu, na zinapungua kila anapoona jambo la kutisha. Wapenda hadithi wautazame vizuri: hapo namba ndiyo inayosimulia mtu akiporomoka.
- Vampire: The Masquerade (1991, Mark Rein-Hagen). Ulimwita mwongozaji msimulizi, na ulitaka drama ya ndani ya mtu iwe mbele. Hata hivyo una dadu nyingi na orodha ndefu za nguvu.
- Apocalypse World (2010, Vincent Baker na Meguey Baker). Dadu mbili za kawaida zinatosha, hata zile za ludo. Nitaurudia hapa chini.
- Fiasco (2009, Jason Morningstar). Hauna mwongozaji wala maandalizi, na unakwisha usiku uleule. Unafaa sana kwa kikundi kinachotaka kujaribu hadithi bila kujifunga kwa miezi.

Gharama isiwazuie. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliweka kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons chini ya leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo inaruhusu kunakili na hata kutafsiri, ili mradi utaje mwenye kazi na useme umebadilisha nini. Kwa hiyo ni halali kabisa kukaa na wenzako mkatoa kurasa kumi za kanuni kwa Kiswahili na kuzigawa mezani. Nawasihi mfanye hivyo. Ubishi hupungua mno kila mtu anaposoma kanuni kwa lugha anayoiwaza.

Kikao cha makubaliano, kabla ya mchezo

Wazoefu hukiita kikao sifuri: mnakutana, hamchezi, mnapanga. Kosa kubwa hapa ni kumuuliza mtu, "Unapenda hadithi au kanuni?" Kila mtu atajibu "vyote viwili," na hamtakuwa mmejifunza kitu. Ulizaneni kuhusu matukio:

- Mhusika wako akifa kwa bahati mbaya katika pambano dogo, utaridhika au utaumia?
- Mwenzako akieleza mpango mzuri sana, apite bila dadu?
- Kitabu kikisema moja na hadithi ikidai lingine, tufuate kipi?
- Je, wahusika wanaweza kuibiana au kupigana wao kwa wao?
- Kuna jambo lolote hutaki kulisikia kabisa mezani?

Swali la mwisho lichukulieni kwa uzito, kwa sababu mtu anaweza kuwa amebeba msiba ambao ninyi hamuujui. Wengi hutumia njia iliyoenezwa na John Stavropoulos: kadi yenye herufi X inawekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, kinachosimuliwa kinakatwa bila yeye kudaiwa maelezo.

Majibu yaandikeni kwenye daftari. Miezi miwili baadaye hakuna atakayekumbuka alikubali nini.

Lini dadu zirushwe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi. Wengi hudhani kwamba mpenda hadithi anataka dadu chache na mpenda kanuni anataka dadu nyingi. Hesabu inaonyesha jambo lingine.

Tuseme mwizi wa kikundi chenu yuko mbele ya mlango wa ghala bandarini, usiku. Kufuli ni la kawaida, ugumu wake 15. Mwizi ana nyongeza ya 5, kwa hiyo dadu ya pande 20 ikionyesha 10 au zaidi amefaulu: nafasi ya asilimia 55. Anarusha, inakuja 4. "Najaribu tena," anasema. Ukimruhusu, kisha ukamruhusu tena, nafasi yake ya kufungua katika majaribio hayo 3 imefika karibu asilimia 91. Mmekaa mkitazama dadu ikizunguka, hakuna kilichotokea ghalani, na kufuli ambalo kanuni zilisema ni gumu kiasi limekuwa si kitu. Mpenda hadithi amechoka, na mpenda kanuni naye ameona namba zikipoteza maana.

Sasa geuza. Watu 4 wanapita kimya nyuma ya mlinzi, kila mmoja ana asilimia 55 ya kutosikika. Ukidai wote wafaulu, nafasi ya kundi ni takriban asilimia 9. Wewe ulidhani umewapa jaribio la haki, kumbe umeshaamua kwamba watakamatwa. Toleo la tano la Dungeons & Dragons lina dawa yake: angalau nusu ya kundi wakifaulu, kundi zima limefaulu. Kwa watu hao hao 4 nafasi inapanda hadi kama asilimia 76.

Kwa hiyo mwongozaji anapochagua idadi ya mirusho ameshaandika sehemu ya kisa, apende asipende. Fuata hatua hizi kila mara:

1. Uliza anataka kupata nini na kwa njia gani. "Narusha kuona" haitoshi. "Nataka niingie bila kuacha alama, natumia waya mwembamba" inatosha.
2. Jiulize akishindwa kutatokea nini. Kama jibu ni "hakuna, atajaribu tena," usirushe. Mpe alichotaka, songeni mbele.
3. Taja ugumu na hatari kwa sauti kabla dadu haijaondoka mkononi. Hatua hii peke yake huondoa manung'uniko mengi, na waongozaji wengi huiruka.
4. Arushe mara moja, na matokeo yasimame mpaka hali ibadilike kweli. Luke Crane aliiweka hii kama kanuni rasmi katika mchezo wake wa Burning Wheel, na inafaa kuazimwa popote.
5. Simulia kilichotokea kwa mtu. Namba ibaki kwenye karatasi.

Rudi kwenye ghala ukiwa na hatua hizo. Mwambie mwizi: "Kufuli utalifungua, muda unao. Swali ni kama utalifungua kabla mlinzi hajamaliza mzunguko." Anarusha, inakuja ile 4. Waya unabofya, komeo linaachia, na wakati huohuo mwanga wa kandili unajitokeza kwenye kona ya ukuta, mkono wa mwizi ukiwa bado kwenye mlango. Kanuni ni zilezile na namba ni ileile, ila sasa kila mtu mezani amesogea mbele kwenye kiti.

Apocalypse World imejengwa juu ya wazo hilo. Unarusha dadu mbili za pande 6 na kuzijumlisha pamoja na nyongeza yako. Ukipata 10 au zaidi umefaulu. 7 hadi 9 umefaulu lakini kuna gharama au chaguo gumu. 6 au chini, mwongozaji anasogeza hatari. Mwenye nyongeza ya 1 ana nafasi 10 kati ya 36 za kufaulu kabisa, 16 za kufaulu kwa gharama, na 10 za kushindwa. Maana yake matokeo yanayokuja mara nyingi zaidi ni yale ya katikati, yanayozaa tatizo jipya. Hata kama mnacheza kitu kingine, jaribuni hivi: akikosa kwa pointi 1 au 2, mpe ushindi wenye gharama.

Onyo kuhusu vidokezo. Kama kisa chenu ni cha upelelezi, usifiche kidokezo cha lazima nyuma ya dadu. Wakikosa wote, kisa kimekufa na wewe utaanza kuhangaika kukifufua. Michezo ya mfumo wa GUMSHOE ya Robin D. Laws ililimaliza hili kwa kanuni nyepesi: mwenye ujuzi unaofaa akitafuta mahali panapofaa, anakipata. Ugumu unahamia kwenye kukielewa.

Usibadilishe namba kwa siri

Nalisema hili bila kusita ingawa najua waongozaji wengi wazuri hawakubaliani nami. Ukirusha kwa niaba ya adui nyuma ya kadibodi inayoficha dadu zako, ukaona 20, ukasema 8 ili kumwokoa mtu, umeichukua hatari aliyoikubali yeye kwa hiari yake. Siku watakapogundua, na wachezaji wa muda mrefu hugundua, kila ushindi wa nyuma utageuka zawadi yako.

"Lakini hadithi itaharibika!" Basi usirushe kabisa pale ambapo huwezi kustahimili jibu. Una njia nyingine za halali pia:

- Kubalianeni kwenye kikao sifuri kwamba kushindwa vitani si lazima kuwe kifo. Kutekwa, kuporwa, kudaiwa, kupoteza rafiki: vyote vinaumiza na vyote vinaendeleza kisa.
- Someni kitabu mpaka mwisho. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, kwa kawaida mhusika anayefikia sifuri hafi papo hapo. Kila zamu anarusha dadu ya pande 20, na 10 au zaidi inahesabiwa upande wake. Mafanikio 3 kabla ya kushindwa 3 yanamtuliza. Zamu hizo chache, wenzake wakimkimbilia katikati ya vita, zina drama kuliko kitu chochote utakachobuni.
- Mwache mchezaji mwenyewe achague: mhusika anakufa sasa kwa heshima, au anaishi na jeraha la kudumu.

Mwenye ulimi mtamu na mwenye haya

Kuna uonevu mmoja unaofanyika kwenye meza za wapenda hadithi bila mtu kukusudia. Mchezaji mcheshi, mwenye maneno, anamshawishi kila mlinzi na kila mfanyabiashara kwa sababu yeye mwenyewe ni msemaji. Jirani yake, mwenye haya, alitumia pointi zake nyingi kumfanya mhusika wake awe mwanadiplomasia, na kila akifungua mdomo anababaika na kunyamaza. Hakuna anayedai mcheza shujaa wa upanga ainue gogo sebuleni ili mhusika wake avunje mlango. Kwa nini tudai ufasaha kwa huyu?

Fanya hivi:

1. Mwombe aseme kwa sentensi moja anataka nini na anatumia hoja gani.
2. Pima hoja, usipime uigizaji. Hoja ikigusa jambo ambalo mlinzi analijali kweli, mpe arushe dadu mbili za pande 20 na achukue kubwa. Ile nafasi ya asilimia 55 inakuwa karibu 80.
3. Baada ya matokeo kujulikana, igizeni. Mwenye haya atasema kwa ujasiri zaidi akijua tayari kwamba maneno yake yatapokewa.

Wapenda hadithi hunilalamikia kwamba kuigiza baada ya dadu kunaua msisimko. Jaribuni kwa vikao kadhaa. Kuigiza mtu anayeshindwa kushawishi, ukijua anashindwa, ni raha ambayo wengi hawajawahi kuionja.

Na msijipime kwa vipindi vya mtandaoni. Critical Role, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, inachezwa na waigizaji wa sauti wa kulipwa. Hiyo ni kazi yao.

Ubishi wa kitabu katikati ya mchezo

Refa hasimamishi mechi akasome kanuni. Anaamua, mpira unaendelea. Nanyi wekeni utaratibu:

- Anayejua ukurasa autaje. Kama haupatikani kwa dakika mbili, mwongozaji anatoa uamuzi wa muda.
- Uamuzi unaandikwa daftarini, na kitabu kinafunguliwa baada ya kikao. Kikisema tofauti, kikao kijacho mnafuata kitabu, au mnakubaliana kwa kauli moja kukiacha.
- Uamuzi uliompendelea mtu leo umbane pia kesho. Mazimwi ya mwongozaji nayo yanafungwa na kanuni ileile.
- Uhai wa mhusika ukiwa hatarini, hapo chukueni muda wote mnaouhitaji kutafuta.

Na mpenda kanuni mpeni kazi. Awe mtunza kitabu, anayeulizwa. Mtu huyo mara nyingi huonekana msumbufu kwa sababu ujuzi wake unajitokeza wakati wa kupinga tu. Akianza kuulizwa, anaanza kusaidia.

Vita visimeze usiku mzima

Malalamiko ya wapenda hadithi hapa ni ya haki: mna saa tatu, na mbili zimeishia kwenye pambano moja ambalo mshindi alijulikana mapema. Kila mtu aamue atakachofanya wakati mwenzake anacheza. Kila pambano liwe na lengo lingine zaidi ya kuua, mfano kuvuka daraja kabla halijakatwa.

Pia rudisheni kanuni moja nzuri ya toleo la msingi la Dungeons & Dragons la mwaka 1981: moyo wa adui. Kila aina ya adui ilikuwa na namba ya ujasiri kati ya 2 na 12. Wa kwanza anapokufa, na tena nusu yao wanapoanguka, unarusha dadu mbili za pande 6. Ukipata zaidi ya namba hiyo, wanakimbia au wanaomba amani. Vita vinafupika, na ghafla mna mateka anayelia, ana jina, na anajua njia ya siri. Mpenda kanuni amepata kanuni, mpenda hadithi amepata mtu wa kuzungumza naye.

Maswali mafupi

*Wachezaji wangu wote ni wapya. Nianze na nini?* Anza na mchezo wa dadu za kawaida na karatasi moja ya mhusika. Usiwape kitabu kizima. Kanuni ifundishwe siku inapohitajika.

*Mchezaji wangu anajenga mhusika mwenye nguvu kupita wote. Nimzuie?* Usimwadhibu. Muulize mhusika huyo anampenda nani na anamdai nani, kisha elekeza hatari zako huko. Wenzake wakianza kukosa cha kufanya, ndipo mzungumze, nje ya mchezo, mkiwa mmetulia.

*Mchezaji wangu kaleta historia ya mhusika ya kurasa nyingi.* Mwombe achague mambo matatu ambayo bado hayajaisha: deni, ndugu aliyepotea, ahadi. Hayo ndiyo utakayoyatumia. Yaliyokwisha ni yake, yamsaidie kuigiza.

*Mwongozaji ndiye anayevunja makubaliano. Tumfanye nini?* Mmoja wenu amwone faraghani, na daftari mkononi, amwonyeshe mlichoandika. Msimvamie mezani mbele ya wote.

Kama bado hamuelewani

Mpeane vikao vinne au vitano baada ya makubaliano. Kama mtu bado anaondoka amenuna, hakuna aliyekosea. Wanataka michezo miwili tofauti. Gawaneni zamu: wiki mbili mapambano ya ramani na vinyago, wiki ya tatu Fiasco usiku mmoja. Asiyependa aina moja asilazimishwe kuja siku hiyo, wala asisemwe. Na kama kikundi kina watu sita au zaidi, tengenezeni meza mbili. Watu watatu, mwongozaji akiwa mmoja wao, wanatosha kabisa, na kwa watu wachache hivyo kila mtu anapata zamu yake mapema, awe amekuja kuhesabu au kusimulia.